Anayemchukua Binti Hubisha Hodi Kwanza

(Mada iliyosomwa mbele ya wanachama na wageni waalikwa, siku ya kuadhimisha miaka kumi ya kikundi, Genkuru)



Napenda kuchukua nafasi hii kuwashukuru kwa kunialika. Niliambiwa nichague kati ya mambo mawili: ama nizungumzie faida za kuweka akiba, ama jambo linalohusu vijana. Faida za akiba mnazijua kunishinda mimi, maana mmekaa na lile sanduku miaka kumi. Kwa hiyo nimechagua vijana, na jambo lenyewe si tamu kwa siku ya sherehe. Mtanivumilia, pilau halijaiva bado.

Madhumuni ya mada hii ni kuzungumzia usafirishaji haramu wa vijana kwa ajili ya kutumiwa kingono. Hayo ndiyo maneno ya ofisini. Kwa maneno ya nyumbani ni hivi: mtoto wa mtu anachukuliwa kwa ahadi, anapelekwa mahali asipokuwa na wa kumtetea, na huko mwili wake unageuzwa mali ya kumwingizia mtu mwingine fedha.

Wengi wetu tukisikia habari hizi tunafikiria gari lenye vioo vya giza na mtu asiyejulikana anayemziba mtoto mdomo. Njia ya kawaida siyo hiyo. Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani hutoa taarifa kila mwaka kuhusu biashara hii duniani, na kwa upande wa Tanzania taarifa hizo zimerudia mara nyingi jambo lile lile: sehemu kubwa hufanyika humu humu nchini, na wanaoianzisha mara nyingi ni ndugu, marafiki au madalali wanaojitolea kumsaidia mtoto apate shule au kazi mjini. Zimetaja pia wasichana wanaoingizwa kwenye ukahaba katika miji ya watalii na kwenye mpaka wetu na Kenya. Mpaka wetu na Kenya, akina mama, ni pamoja na Sirari. Wangapi hapa wamekwenda Sirari gulioni mwezi huu? Nyoosheni mikono tuone. Basi si habari ya mbali.

Mwaka 2022 shirika la utangazaji la BBC lilitoa filamu kuhusu watoto wenye ulemavu waliotolewa Tanzania na kupelekwa Nairobi kuombaomba barabarani, huku fedha zote zikichukuliwa na waliowapeleka. Hiyo ilikuwa biashara ya kuombaomba, lakini angalieni ilivyoanza. Kijana mmoja hakuibwa usiku. Mtu alifika kwa wazazi wake akaahidi kwamba mtoto atapata maisha mazuri, na wazazi wakamtoa kwa mikono yao miwili. Walimpenda mtoto wao, na ndiyo sababu waliikubali ahadi ile.

Hebu tuchukue mfano, tuufuate hatua kwa hatua, maana hapa ndipo penye kazi yetu.

Binti amemaliza darasa la saba, hakuchaguliwa. Au amechaguliwa, lakini nyumbani hakuna sare wala daftari. Anakaa. Siku moja anakuja mama mmoja, tena mara nyingi ni mama, amevaa vizuri, anamjua shangazi yake. Anabisha hodi, anakaribishwa, anakunywa chai. Anasema kuna kazi ya ndani Mwanza, au kuna duka la nguo Tarime mjini, au hoteli ng'ambo ya Isebania. Mshahara ni mkubwa. Chakula na kulala bure. Nauli atatoa yeye. Tena anamwachia baba fedha kidogo, anasema ni za sabuni.

Hizo za sabuni ndizo zinazofunga mlango. Mzazi aliyezipokea huona aibu kuuliza maswali, na siku mambo yakiharibika anaogopa kwenda polisi kwa sababu anajiona na yeye kauza. Binti naye, akifika kule, anaambiwa: nauli yako ni deni, fedha alizopewa baba yako ni deni, nguo hizi ni deni, chumba hiki ni deni. Duka la nguo halipo, ipo baa yenye vyumba nyuma. Kwa wiki ya kwanza anaosha glasi. Wiki ya pili anaambiwa mshahara hakuna, wateja ndio watakaomlipa, ajitegemee. Simu imechukuliwa "itunzwe". Akilia anaambiwa, unataka kurudi nyumbani kwa nauli gani, na utamwambia nini baba yako? Hapo hakuna mnyororo wala kufuli, jamani, lakini mtoto hawezi kutoka.

Kuna watu wanaouliza, mbona asikimbie? Mimi swali hilo silipendi. Mwenye miaka kumi na minne, bila simu, bila nauli, katika mji asioujua hata jina la mtaa, akimbilie wapi? Na wakati mwingine anayemtafutia wateja ni yule yule aliyemnunulia viatu vya kwanza vipya maishani mwake. Wengine huanza na mapenzi: kijana wa pikipiki anamwita mchumba, anamnunulia simu, anamwambia watoroke wakaanze maisha, na baada ya mwezi anamwambia rafiki yangu ana shida, nisaidie usiku mmoja tu.

Dalili za mambo haya huonekana kabla mtoto hajaondoka, na wa kwanza kuziona ni sisi tunaokaa nyumbani. Kazi haina mahali: ukiuliza ni mtaa gani, kwa nani, anasema "utaelekezwa stendi". Aliyeileta anakuwa na haraka, basi ni kesho alfajiri, nafasi ni moja tu na kuna wengine wanaisubiri. Hataki namba yake ya simu igawiwe. Anamwambia binti asiwaage rafiki zake. Anauliza kama ana cheti cha kuzaliwa, kisha anasema akiulizwa umri aseme kumi na nane. Na binti mwenyewe anakuwa na simu mpya ambayo hakuna ndugu aliyeinunua, anapokea akiwa nyuma ya nyumba. Dalili moja peke yake inaweza kuwa si kitu. Lakini mkiona tatu, basi lile basi la alfajiri lisubiri.

Msisahau wavulana. Wao huitwa kwenye mialo na kwenye maduara ya dhahabu, na wapo wanaofanyiwa huko mambo ambayo hawatayasema kwa mdomo wao, kwa sababu tumewafundisha kwamba mwanaume halii.

Mpaka hapa nimezungumza kana kwamba Genkuru ni mahali pa kutoa watoto tu. Sivyo. Sisi pia tunapokea. Mgodi wa North Mara ulipoanza uzalishaji mwaka 2002, eneo lote hili la Nyamongo lilibadilika. Zilikuja fedha, zikaja baa, grosari na gesti, wakaja wanaume wasio na familia zao. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti juu ya watoto katika machimbo madogo ya dhahabu ya Tanzania, na pamoja na habari za zebaki na mashimo, ilieleza wasichana wanaobughudhiwa na kushawishiwa kingono katika maeneo hayo. Utafiti ule ulihusu mikoa mingine yenye dhahabu, lakini mwenye macho Nyamongo hahitaji kusomewa.

Yule msichana anayehudumia meza, ambaye mnamwita baamedi na kupita, ana mama yake mahali fulani, naye mama huyo anaamini binti yake yuko dukani. Kabla ya kumwita majina, mtazameni. Ana miaka mingapi hasa? Anajua yuko wilaya gani? Ukimsalimia, anajibu mwenyewe au anamtazama kwanza mwenye baa? Anakwenda sokoni peke yake, au daima yuko mtu nyuma yake? Ameugua, nani kampeleka zahanati? Ana majina mawili? Tena mna nafasi nzuri ya kuyajua haya kuliko polisi, kwa sababu ninyi ndio mnaowauzia vitumbua asubuhi na ndio mnaowasuka nywele. Msichana hawezi kumwambia askari aliyesimama mlangoni yale anayoweza kumwambia mama anayemsuka kwa saa tatu.

Sasa nafika mahali pagumu. Naomba wazee waliopo wanivumilie, na akina mama wenzangu mnivumilie zaidi.

Tunayo mila yetu Wakurya inayoitwa nyumba ntobu. Wageni wetu huenda hawaijui: mama mtu mzima, aliye mjane au asiyejaliwa mtoto wa kiume, hutoa ng'ombe na kumwoa binti ili amzalie watoto wa kuendeleza nyumba yake. Sikuja hapa kuitukana mila. Iliwapa wajane wetu heshima na mtu wa kuwatunza wakati ambapo sheria za urithi hazikuwaona. Na wapo wanawake watu wazima walioichagua wenyewe, wengine kwa sababu walichoka kupigwa na waume, nao wanaishi kwa amani na wazee wao. Hao siwazungumzii.

Nazungumzia binti wa miaka kumi na tatu au kumi na nne. Baba yake amepokea ng'ombe. Hakuulizwa. Anafika kwa bibi, na bibi ndiye anayemwambia ni mwanaume gani aje usiku. Akikataa anakumbushwa ng'ombe. Mwanaume yule hana jukumu lolote, hana mahari wala mtoto wa kumlea. Asubuhi amekwenda zake. Nawaombeni mlinganishe na ile habari ya baa niliyoieleza. Kuna fedha iliyotangulia, kuna deni, kuna mtu anayepanga nani alale na mtoto, na kuna mtoto asiyeweza kuondoka. Tofauti ni kwamba huku tunacheza ngoma. Hali hii inatuhusu sisi wanawake zaidi ya watu wote, kwa sababu wanunuzi ni sisi. Na ng'ombe hununuliwa kwa fedha, na fedha siku hizi hukopwa vikundini.

Sheria haitambui kisingizio hicho. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni kila aliye chini ya miaka 18, nayo inakataza kumtumia mtoto kingono kwa namna yoyote. Mwaka 2016 Sheria ya Elimu ilirekebishwa, na kumwoa au kumpa mimba mwanafunzi wa msingi au sekondari kukawekewa adhabu ya kifungo cha miaka 30. Mwaka huo huo Mahakama Kuu, katika kesi iliyofunguliwa na dada yetu Rebeca Gyumi, ilitamka kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vilivyoruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 14 au 15 vinapingana na Katiba; Mahakama ya Rufani ikathibitisha hukumu hiyo mwaka 2019. Na ipo sheria ya kupambana na usafirishaji haramu wa binadamu, Na. 6 ya mwaka 2008. Hiyo haihitaji mtoto avuke mpaka wa nchi. Anayemtafuta, anayemsafirisha, anayempokea na anayemficha, wote wamo, na hata mwenye nyumba anayepangisha chumba akijua kinachofanyika humo. Mtoto akisema "nilikubali mwenyewe", haimsaidii mkosaji kitu. Mwaka 2022 ikarekebishwa, ikaondolewa ile nafasi ya mkosaji kulipa faini na kwenda nyumbani kwake.

Kuna jambo jingine la kwetu linalofungua njia, nalo ni ukeketaji. Mwaka wa tohara, ambao kwetu mara nyingi ni ule unaogawanyika kwa mbili, mwezi Desemba mabinti wengine hutoroka. Wanafanya vizuri kutoroka. Lakini anayetoroka usiku bila kujua aendako anafika stendi akiwa mikononi mwa mtu wa kwanza atakayemwambia "njoo, mwanangu, kuna kazi Mwanza". Dalali anaujua mwezi huo kama mkulima anavyoujua mwezi wa mvua. Kwa hiyo binti zetu wajue mapema pa kukimbilia: kipo kituo cha Masanga hapa Tarime, na zipo nyumba salama za Mugumu na Butiama za shirika la Hope for Girls and Women in Tanzania, linaloongozwa na Rhobi Samwelly. Mwanza kwenyewe lipo shirika la WoteSawa, lililoanzishwa na Angela Benedicto, ambaye mwenyewe aliwahi kufanya kazi za ndani; wao huwapokea watoto wa kazi za ndani walioteswa. Majina haya wafundisheni kama mnavyowafundisha njia ya kisimani.

Je, ukimshuku mtu, ufanye nini? Usimfuate mwenye baa kugombana naye. Usiku huo huo atamhamisha mtoto na hamtamwona tena. Kaa kimya, andika: namba ya gari au pikipiki, namba ya simu, jina analojiita, siku na saa. Kisha piga 116. Ni simu ya mtoto, haina malipo, hata kama huna salio. Au nenda Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, au kwa Afisa Ustawi wa Jamii. Nenda na mwenzako, usiende peke yako. Mtu mmoja huambiwa "rudi kesho", lakini akina mama watano waliokaa kwenye benchi na vitenge vya kikundi huhudumiwa.

Mtoto akirudi, au akiokolewa, naomba hapa tusikilizane vizuri. Kama amefanyiwa jambo siku za karibuni, asioge, nguo zake zisifuliwe. Ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi. Apelekwe polisi kuchukua fomu ya PF3 na hospitali siku ile ile, kwa sababu dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI hazifai kitu zikichelewa kupita saa 72, na kila saa ina maana. Asihojiwe na ukoo mzima. Mtu mmoja anayempenda anatosha. Na lile suala la wazee kukaa chini ya mti, ng'ombe wawili wakatolewa, mambo yakaisha, hapana! Ng'ombe wale hawaingii kwa mtoto. Wanaingia zizini kwa baba, na mkosaji anakwenda kijiji cha pili.

Tena tusimchape. Najua hasira ya mzazi aliyehangaika miezi minane akimtafuta mtoto. Lakini binti aliyerudi akapokewa kwa fimbo na kwa jina baya ataondoka mara ya pili, na safari hiyo dalali hatahitaji kumwahidi duka.

Nimalizie na kikundi chenyewe. Lile sanduku lenu lina kufuli tatu, na funguo zinashikwa na watu watatu wa nyumba tatu. Fedha haitoki bila wote kukutana, kuhesabu na kuandika. Shilingi elfu mbili ya mfuko wa jamii haitoki bila kuandikwa. Lakini mtoto wa kike anaondoka kijijini hapa kwa neno la mtu mmoja kwenye simu, na hakuna aliyeandika hata jina la aliyemchukua.

Napendekeza mambo haya yaingie kwenye katiba yenu mzunguko mpya ukianza. Mkopo usitolewe kwa ajili ya kuoa au kuozesha mtoto aliye chini ya miaka 18, wala kwa biashara ya baa inayoajiri watoto, hata kama mwombaji ni mwanachama mwenye hisa nyingi. Mfuko wa jamii uwe na fungu dogo la sare na daftari, maana mara nyingi ni pengo la fedha ndogo kama hiyo analolijaza dalali. Na kwa kuwa vikundi vingi huvunja na kugawana mwezi Desemba, mwezi ule ule wa hatari, mama mwenye binti apate mgawo wake mapema akiomba.

La mwisho ni daftari. Mtoto yeyote wa mwanachama, au wa jirani atakayekubali, akienda kufanya kazi nje ya kijiji, aandikwe: anakwenda wapi, mtaa gani, kwa nani, namba ya simu ya mwajiri na ya mjumbe wa mtaa ule, na nani aliyekuja kumchukua. Kabla hajapanda basi, mama mmoja wa kikundi apige namba ile mbele ya mtu huyo. Mwenye kazi ya kweli atafurahi kuulizwa, na yule mwingine atakumbuka ghafla kwamba ana safari. Kisha binti apigiwe kila mwisho wa wiki, azungumze kwa lugha ya nyumbani, na mkubaliane naye neno moja la siri ambalo akilitamka mtajua aje achukuliwe. Nauli ya kumfuata itoke kwenye mfuko wa jamii.

Kaunta buku ya kwaya mbili nimekuja nayo, nimeshaipiga mistari. Namkabidhi Ndugu Katibu sasa hivi mbele yenu. Na kwa kuwa nimesikia hapa hapa, kabla sijaanza kuzungumza, kwamba kuna mabinti wawili wanaondoka Jumatatu, tuanze na hao. Mama zao wapo?